William McGregor: Muuza Vitambaa Aliyeizaa Ligi

Kila mwisho wa juma, kutoka Lamu hadi Vanga, mabarobaro na wazee hukusanyika mbele ya televisheni kutazama kandanda ya Uingereza. Wengi wao wanajua ni timu gani inaongoza ligi ya huko kuliko wanavyojua timu za mtaani mwao. Lakini pamoja na mapenzi hayo, manung'uniko yamezidi. Wapenzi wa mchezo wanasema kwamba siku hizi uwanja umekuwa soko, mchezaji amekuwa bidhaa na shabiki amekuwa mteja wa kukamuliwa.

Wengi hudhani manung'uniko haya ni mambo ya leo. La, hasha! Mtu aliyeiasisi ligi yenyewe alianza kuyatoa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mtu huyo ni marehemu William McGregor, na maisha yake yanafaa kusimuliwa kwa kila mtu anayeupenda mchezo huu na kuuonea uchungu.

MWANA WA SCOTLAND

McGregor alizaliwa mwezi wa Aprili mwaka 1846 katika kijiji cha Braco, jimbo la Perthshire, nchini Scotland. Alipokuwa mtoto aliona mpira ukichezwa kijijini baina ya wenyeji na mafundi waliokuja kufanya kazi sehemu hizo, na kuanzia hapo mchezo ukamwingia moyoni. Hata hivyo hakuwa mchezaji. Inasimuliwa kwamba alijaribu mara moja tu katika ujana wake, akaumia, akalala kitandani juma zima. Tangu siku hiyo alibaki kuwa mtazamaji. Kwa maneno mengine, baba wa ligi alikuwa shabiki kama mimi na wewe.

Alifunzwa kazi ya kuuza vitambaa katika mji wa Perth. Mnamo mwaka 1870 alihamia Birmingham, mji mkubwa wa viwanda katikati ya Uingereza, ambako kaka yake alikuwa amemtangulia. Akafungua duka la vitambaa katika barabara ya Summer Lane.

Wakazi wa Mombasa wanaoijua Biashara Street, kwa wauza leso na vitambaa, watakifahamu vyema kilichotokea katika duka hilo. Mteja aliingia kununua kitambaa akakuta watu wamekaa wakizungumza habari za mpira, naye akakaa. Bw. McGregor akaanza kuuza pia mavazi ya wachezaji. Haukupita muda duka likawa baraza. Wapenzi wa kandanda wa mji mzima walikutana hapo kupashana habari za mechi zilizopita na kubishana juu ya mechi zijazo.

Bwana huyu mwenye ndevu nyingi alikuwa Mkristo aliyeishika dini yake, na ulevi hakuugusa maisha yake yote. Jambo hili la mwisho lilikuwa la nadra katika kandanda ya zama zile, kwani mambo mengi ya timu yalizungumziwa katika vilabu vya pombe. Lakini watu wa kila namna walimheshimu, wanywaji na wasiokunywa, kwa kuwa alikuwa mcheshi, mwaminifu na mwenye subira.

VIJANA WA KANISANI

Mwaka 1874, vijana wa kanisa moja la Kimethodisti katika sehemu ya Aston walikuwa wameanzisha timu. Walikuwa wachezaji wa kriketi waliotafuta mchezo wa kuwashughulisha wakati wa baridi. Timu hiyo ndiyo Aston Villa. Mwaka 1877 McGregor aliombwa ajiunge na uongozi wake. Alivutiwa na mambo mawili: uhusiano wa timu hiyo na kanisa, na kuwamo ndani yake Waskoti wenzake kama George Ramsay, ambaye chenga zake ziliwastaajabisha watu wa Birmingham.

McGregor aliitumikia Villa kwa moyo wake wote. Alikuwa mwamuzi, akawa kiongozi, na inasemekana kwamba simba aliye katika nembo ya timu hiyo ni wazo lake, kwa ukumbusho wa simba wa Scotland. Mwaka 1887 Villa ilitwaa Kombe la Uingereza kwa mara ya kwanza, na duka la Summer Lane likawa halina nafasi ya kuweka mguu.

Lakini nyuma ya furaha hiyo palikuwa na tatizo kubwa, na tatizo lenyewe lilikuwa la ahadi.

AHADI NI DENI

Ni lazima msomaji afahamu hali ilivyokuwa. Hadi mwaka 1885, sheria za kandanda nchini Uingereza zilikataza mchezaji kulipwa. Hata hivyo timu za kaskazini ziliwalipa wachezaji kwa siri. Mwaka 1884 kiongozi wa Preston North End, William Sudell, alikiri jambo hilo hadharani na timu yake ikaondolewa katika mashindano ya kombe. Baada ya mabishano makali, malipo yaliruhusiwa mwezi wa Julai mwaka 1885. Hapo ndipo mpira wa kulipwa ulipotoka mafichoni.

Sasa timu zilikuwa na mishahara ya kulipa kila juma, na fedha zilitoka mlangoni, kwa senti za wafanyakazi wa viwandani. Lakini nje ya mashindano ya kombe, mechi zote zilikuwa za kirafiki tu. Timu ingeweza kuahidi kuja Jumamosi kisha isije. Ikiwa ilipata mechi ya kombe, au ilipata mwaliko wenye faida zaidi kwingine, iliivunja ahadi bila ya kuona haya. Wakati mwingine ilifika imechelewa, au ilileta wachezaji wa akiba badala ya wale mashuhuri waliotangazwa.

Anayeumia alikuwa nani? Ni yule mfanyakazi aliyetoka kiwandani Jumamosi mchana, akatembea kwa miguu hadi uwanjani na senti zake mkononi, akakuta lango limefungwa. Watu hao ndio waliokuja dukani kwa McGregor kulalamika. Naye, kama mfanya biashara, alijua kwamba mteja akidanganywa mara tatu, mara ya nne haji. Na kama mtu wa dini, alijua kwamba ahadi ni deni.

BARUA YA MACHI 2

Tarehe 2 Machi mwaka 1888, McGregor aliandika barua kwa viongozi wa timu kubwa za wakati huo, zikiwamo Blackburn Rovers, Bolton Wanderers, Preston North End na West Bromwich Albion. Alipendekeza kwamba timu 10 au 12 zilizo imara zaidi ziungane, zipangiane mechi za nyumbani na ugenini kila msimu, na kila timu iheshimu siku iliyopangwa. Wazo lilikuwa jepesi sana. Mtu angeweza kushangaa kwa nini halikutokea mapema.

Mkutano wa kwanza ulifanyika tarehe 23 Machi katika hoteli ya Anderton's, London, siku moja kabla ya fainali ya kombe. Wa pili ulifanyika Manchester, katika hoteli ya Royal, tarehe 17 Aprili. Huko ndiko ligi ilikozaliwa rasmi. McGregor hakulipenda neno "ligi", kwa kuwa katika siku zile liliwakumbusha watu vyama vya siasa, hasa kile cha wakulima wa Ireland waliokuwa wakigombea ardhi. Lakini wenzake walilipenda, naye hakushindana nao. Walimchagua awe kiongozi wao wa kwanza.

Timu zilikuwa 12: Accrington, Aston Villa, Blackburn Rovers, Bolton Wanderers, Burnley, Derby County, Everton, Notts County, Preston North End, Stoke, West Bromwich Albion na Wolverhampton Wanderers. Zote zilitoka miji ya viwanda ya kaskazini na katikati. Hakuna hata moja iliyotoka London.

Mechi za kwanza zilichezwa Jumamosi tarehe 8 Septemba mwaka 1888. Preston ilicheza mechi zake zote 22 bila kushindwa, ikawa bingwa, na juu yake ikalichukua kombe. Jambo lililompendeza McGregor zaidi ni kwamba shabiki sasa aliweza kujua, miezi kadhaa mbele, nani atacheza na nani, wapi na lini, na kwamba siku hiyo ikifika lango litakuwa wazi. Treni zilizosafirisha makaa na vyuma zikasafirisha pia wachezaji na watazamaji wao.

MPANGO WAENEA DUNIANI

Mpango huo ulienea kama moto wa makuti. Nchi baada ya nchi iliufuata. Hapa kwetu Kenya, Ligi ya Taifa ilianza mwaka 1963, na miaka miwili baadaye, mwaka 1965, ubingwa ulikuja Pwani kwa mikono ya Feisal ya Mombasa. Wazee walioishuhudia timu hiyo huenda hawakulisikia kamwe jina la McGregor, lakini mechi za nyumbani na ugenini walizozifuata zilitokana na barua ya muuza vitambaa wa Birmingham.

Lakini msomaji, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kadiri ligi ilivyofanikiwa ndivyo fedha zilivyoongezeka, na kadiri fedha zilivyoongezeka ndivyo nia za watu zilivyobadilika.

SHAKA YAINGIA

Dalili ya kwanza ilionekana kwa Accrington. Mji ule ulikuwa mdogo na mapato yake yalikuwa haba. Mwaka 1893 iliteremshwa daraja, ikajitoa katika ligi, na miaka michache baadaye ikafa kabisa. Ligi iliyoanzishwa na timu 12 kama ndugu haikuwa na njia ya kumshika mkono aliye dhaifu.

Kisha likaja jambo la ajabu mwaka 1895. Villa ilikuwa imelitwaa tena Kombe la Uingereza, na kombe likawekwa katika dirisha la duka moja la viatu vya mpira mjini Birmingham ili watu walitazame. Usiku wa Septemba 11 likaibwa. Halikuonekana tena. Mwaka 1958 mzee mmoja alikiri kwamba yeye na wenziwe waliliiba na kuliyeyusha wakatengeneza sarafu za bandia. Mtu wa mafumbo hangeweza kutunga fumbo linalofaa zaidi: tunu ya mchezo iligeuzwa fedha, na fedha zenyewe za uwongo!

Mwaka uliofuata, 1896, Villa yenyewe iligeuzwa kampuni yenye hisa. Mwaka 1897 ilishinda ligi na kombe pamoja, ikahamia katika uwanja mpya ambao hadi leo waitwa Villa Park. Mwaka 1901 wakubwa wa kandanda waliweka kikomo cha mshahara, pauni 4 kwa juma, na wachezaji wakanung'unika kwamba wanajaza viwanja huku faida ikienda kwa wengine.

Mwaka 1905 ulikuwa mbaya zaidi. Mwezi wa Februari, Middlesbrough ilimnunua Alf Common kutoka Sunderland kwa pauni 1,000. Watu waliduwaa. Wengine waliuliza kama ni halali kumtia binadamu bei namna hiyo. Kisha ikafuata kashfa iliyoigusa Villa. Billy Meredith wa Manchester City, winga aliyetukuka kuliko wote wa zama zake, alituhumiwa kwamba alitaka kumpa nahodha wa Villa pauni 10 ili timu yake iachie mechi. Meredith alisimamishwa, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba Manchester City ilikuwa ikiwalipa wachezaji kupita kiwango kwa siri. Mwaka 1906 wachezaji wake 17 wakasimamishwa.

McGregor aliyaona yote hayo kwa macho yake. Siku hizo alikuwa ameshaacha uongozi wa ligi, akiwa mjumbe wa heshima wa maisha, na alikuwa akiandika makala za kandanda. Katika maandishi yake alikiri wazi kwamba kandanda imekuwa biashara kubwa, na kwamba mapato ya baadhi ya timu yameyapita yale ya makampuni mengi mashuhuri. Hakuyasema hayo kwa kujisifu peke yake. Mapema alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba ligi, kwa maumbile yake, ni chombo cha kujitafutia maslahi yake yenyewe, na kwa hiyo haifai kuachiwa itunge sheria za mchezo. Sheria ziwe mikononi mwa chama kinachoangalia maslahi ya watu wote. Na katika miaka yake ya mwisho aliwaonya watu wajihadhari na wajanja wenye akili kali wanaoingia katika mchezo polepole kwa ajili ya faida.

Fikiri jambo hilo. Mzazi mwenyewe anasema mtoto wangu ni mzuri, lakini msimwachie funguo za nyumba.

MWISHO WAKE

Mkewe, Bi. Jessie, alifariki mwaka 1908, na afya ya mzee ikaanza kudhoofika. Pamoja na mashaka yake hakuuacha mpira. Aliendelea kufuata mechi za Villa, na mwaka 1910 aliiona ikitwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya 6. Alifariki tarehe 20 Desemba mwaka 1911 akiwa na umri wa miaka 65. Alizikwa Handsworth, katika makaburi ya kanisa la Mtakatifu Maria, ambako pia amelala James Watt aliyesifika kwa injini za mvuke. Ni jambo la kupendeza kwamba watu hao wawili wako mahali pamoja, kwani bila ya mvuke pasingekuwa na treni, na bila ya treni ligi isingewezekana. Mwaka 2009 sanamu ya McGregor ilisimamishwa nje ya Villa Park.

ANGELIKUWAPO LEO

Yaliyofuata baada ya kufa kwake ni mengi. Mwaka 1992 timu 22 za daraja la juu zilijitoa kwa pamoja katika ligi aliyoianzisha, zikaunda ligi yao ili fedha za televisheni zisigawanywe kwa wanyonge. Bei ya Alf Common imekuwa kichekesho: mwaka 2017 Neymar alinunuliwa kwa euro milioni 222. Villa ya vijana wa kanisani ilinunuliwa mwaka 2018 na tajiri wa Kimisri na mwenzake wa Kimarekani.

Mwezi wa Aprili mwaka 2021 timu 12 tajiri za Ulaya zilitangaza ligi yao wenyewe, ambamo waasisi wengi hawangeweza kuteremshwa daraja hata wakishindwa vipi. Hesabu ilikuwa 12, kama ile ya mwaka 1888, lakini nia ilikuwa mbali kama mbingu na ardhi. Na katika timu 6 za Uingereza zilizoingia, hata moja haikuwa miongoni mwa zile 12 za McGregor. Mashabiki waliteremka mabarabarani, na kwa muda wa siku mbili tu timu zote 6 zilijitoa. Siku hizo watu wa kawaida walionyesha kwamba mchezo bado una wenyewe.

Pengine kingalimuumiza mzee huyu zaidi ni jambo linaloonekana dogo. Aliianzisha ligi ili shabiki ajue siku na saa ya mechi. Leo mechi husogezwa kutoka Jumamosi hadi Jumapili au Jumatatu usiku kwa matakwa ya televisheni, na shabiki aliyekwisha kukata tiketi ya treni hupata hasara bila ya mtu kumwuliza. Ahadi ileile imerudi kuvunjwa, ila sasa inavunjwa kwa ratiba rasmi.

Kisha kuna kamari. Mwaka 2017 Everton, mojawapo ya zile timu 12 za asili, ilivaa kifuani jina la kampuni ya kamari iliyoanzia hapa Kenya. Mwaka 2023 Villa nayo ikavaa jina la kampuni nyingine ya namna hiyo. Timu za ligi kuu zilikubaliana mwaka huohuo wa 2023 kuyaondoa majina hayo kifuani mwisho wa msimu wa 2025/26, lakini athari yake imeshaingia majumbani mwetu. Vijana wa Pwani wameweka nauli, karo na hata fedha za chakula katika simu wakingojea mabao ya watu wa mbali. Sisi Waislamu hatuhitaji kukumbushwa kwamba Suratul Maida imeitaja kamari pamoja na ulevi. McGregor hakuwa wa dini yetu, lakini mtu aliyeukataa ulevi maisha yake yote asingependa kuiona jezi ya timu yake ikimwita kijana wa kimaskini aje kupoteza senti zake.

Je, basi tuuache mpira? McGregor hakuuacha. Alikubali kwamba fedha lazima ziwemo, kwa kuwa mchezaji ana tumbo na ana watoto. Alichokataa ni fedha kuwa bwana wa mchezo. Katika viwanja vyetu vya mitaani, ambako timu hucheza alasiri hadi adhana ya magharibi, lango bado liko wazi na mchezaji ni jirani yako. Anayelalamikia ligi za mbali na aanzie hapo: aende akaitazame timu ya mtaa wake, aichangie jezi, na adai kwamba mechi ikitangazwa kuwa saa kumi ianze saa kumi. Muuza vitambaa wa Summer Lane alianza na dai hilohilo.